Mchungaji Lemuel Haynes wa West Rutland: aliitwaje, aliishije, na kwa nini aliondolewa

Mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili ameniuliza hivi: "Nimesoma mahali kwamba Marekani, mara tu baada ya kupata uhuru na utumwa ukiwapo bado, mtu mweusi aitwaye Lemuel Haynes alichunga kanisa la wazungu kwa miaka 30. Iliwezekanaje? Mchungaji wa mji mdogo enzi zile aliishije, yeye na mkewe na watoto? Na kama walimpenda kiasi hicho, kwa nini mwishowe walimwondoa?"

Mwalimu, uliyoyasoma ni ya kweli. Nimefurahi pia kwamba hukuishia kwenye ile sentensi moja inayowatosha wengi, kwamba Haynes ndiye mtu mweusi wa kwanza Marekani kuwekewa mikono ya uchungaji na dhehebu kubwa la Kiprotestanti. Sifa hiyo ni yake, lakini haimwelezi. Haynes alikuwa mchungaji wa kijijini. Alizika, alifungisha ndoa, alitembelea wagonjwa katika theluji, alishika shoka na jembe, na pamoja na mkewe alilea watoto 10. Mtazame hapo kwanza, maana ndipo majibu ya maswali yako yalipo.

Nitangulize jibu lenyewe. Makanisa ya Kikongregesheni ya New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki kama Massachusetts, Connecticut na Vermont, hayakuwa na askofu wala dayosisi. Sisi tuliokulia katika Ulutheri au Uanglikana tumezoea kuona mchungaji akipangiwa kituo na kuhamishwa kwa barua. Kule kila usharika ulijitafutia mchungaji wake. Alialikwa kuhubiri Jumapili kadhaa, watu wakamsikiliza na kumpima, kisha wakapiga kura. Wakimtaka, waliwaita wachungaji wa makanisa jirani wakae baraza, wamhoji na kumwekea mikono. Hakukuwa na ofisi ya juu yenye uwezo wa kusema "huyu hafai kwa rangi yake" kama wenyeji wenyewe wameridhika. Kwa njia hiyo Haynes aliingia. Na kwa kuwa kura ilikuwa yao, waliweza pia kumwachia siku upepo ulipobadilika. Mlango uliomwingiza ndio uliomtoa.

Lakini usharika hauwezi kumwita mtu asiyejua kusoma, na mtoto mweusi wa mwaka 1753 hakutegemewa kuwa msomi. Kwa hiyo turudi alikotoka.

Lemuel alizaliwa West Hartford, Connecticut, tarehe 18 Julai 1753. Baba yake alikuwa Mwafrika, mama yake mzungu, na wote wawili hawakumlea. Hata jina la Haynes halikuwa la baba yake, lilikuwa la mwenye nyumba alimozaliwa. Akiwa na miezi 5 alipelekwa Granville, Massachusetts, akafungwa kwa mkataba wa utumishi katika nyumba ya Shemasi David Rose mpaka atimize miaka 21. Hakuwa mtumwa wa kununuliwa na kuuzwa. Mkataba ulikuwa na mwisho, na mwenye nyumba alipaswa kumlisha, kumvika na kumfundisha. Ila naye hakuwa huru kuondoka.

Nyumba ile ilimbeba. Uzeeni Haynes mwenyewe aliandika kwamba mke wa shemasi alimtunza kama mwanawe wa kuzaa, hadi majirani wakawa wanasema anampenda Lemuel kuliko watoto wake. Mama yake mzazi ni habari nyingine. Wasifu wake wa kwanza, uliochapishwa mwaka 1837 na mchungaji aliyemfahamu, Timothy Mather Cooley, unasimulia kwamba kijana Lemuel alikutana naye siku moja kwa bahati katika nyumba ya ndugu, na yule mama akajaribu kutoroka asionekane naye. Lemuel alimfuata akamwambia maneno makali. Kila nisomapo mahubiri yake juu ya kuachwa na kupokelewa, nalikumbuka tukio hilo, ingawa mwenyewe hakulitia katika mahubiri.

Shule ilikuwa ya msimu wa baridi tu, kazi za shamba zikipungua. Vitabu vilikuwa vichache mno Granville: Biblia, zaburi, kitabu cha kujifunzia herufi, na vingine vya kuazima. Mchana alilima na kukata miti. Usiku alikaa pembeni ya jiko la kuni, watoto wenzake wakicheza nje, akasoma kwa mwanga wa moto. Alikuwa na kanuni yake kwamba kila usiku lazima ajue jambo ambalo asubuhi hakulijua.

Sabato katika nyumba zile ilianza Jumamosi jioni. Familia iliketi, mmoja akasoma mahubiri ya mhubiri maarufu kutoka kitabuni. Kazi hiyo ilimwangukia Lemuel kwa kuwa alisoma vizuri. Jumamosi moja aliingiza kati ya kurasa za kitabu karatasi zake mwenyewe, akasoma mahubiri aliyoyaandika juu ya Yohana 3:3, "Mtu asipozaliwa mara ya pili, hawezi kuuona ufalme wa Mungu." Shemasi alisikiliza mpaka mwisho, akaguswa, akauliza: haya ni ya nani, ya Davies au ya Whitefield? Lemuel aliona haya, akababaika kidogo, kisha akajibu kwamba ni ya Lemuel. Tangu siku hiyo Granville ikajua ina mhubiri, na haikuchukua muda mrefu kabla parokia iliyokosa mchungaji kuanza kumwita asome mahubiri kanisani.

Kuongoka kwake nako alikusimulia mwenyewe. Usiku mmoja aliona mianga ya kaskazini ikicheza angani, na watu wa siku zile waliiona kuwa ishara ya hukumu ya mwisho. Aliingiwa na hofu iliyomkaa siku nyingi, mpaka jioni moja, akiomboleza hali yake chini ya mtofaa, akaamini kwamba amempata Mwokozi. Hakuwahi kuusahau mti huo. Kila alipofika Granville miaka ya baadaye alikwenda pale, na tofaa zikiwapo alichuma akachukua nyumbani kwake. Alisema zilikuwa tamu kinywani mwake.

Mkataba ulikwisha mwaka 1774, naye akawa mtu huru wakati nchi nzima inabishana juu ya uhuru. Akajiunga na wanamgambo waliokuwa tayari kuondoka mara wanapoitwa. Mapigano ya vita vya uhuru dhidi ya Uingereza yalipoanza Lexington tarehe 19 Aprili 1775, alikwenda Roxbury karibu na Boston na kikosi chake, na mwaka 1776 akatumwa kulinda ngome ya Ticonderoga. Huko alipata homa kali ya taifasi akarudishwa nyumbani.

Mwaka huohuo wa 1776 aliandika insha juu ya uharamu wa kumiliki watumwa. Aliianza kwa maneno ya Tangazo la Uhuru la Marekani, wino wake ukiwa haujakauka vizuri, yale yasemayo kwamba watu wote wameumbwa sawa, kisha akayapeleka mahali ambapo waandishi wake hawakuthubutu kufika. Uhuru, aliandika, una thamani ileile kwa mtu mweusi kama kwa mweupe, na utumwa haustahimiliki kwa huyu kama usivyostahimilika kwa yule. Alitumia Matendo ya Mitume 17:26, kwamba Mungu aliyafanya mataifa yote ya wanadamu kutoka kwa mmoja. Akazijibu hoja za wenye watumwa moja baada ya nyingine: ile ya laana ya Kanaani, waliyodai kuwa iliwaangukia Waafrika, na ile ya kwamba Waafrika wanafaidika kwa kuletwa karibu na Injili. Alikuwa na umri wa miaka 23. Insha hiyo ilibaki katika maandishi ya mkono na haikuchapishwa hadi 1983.

Nataka uone jambo moja hapa, mwalimu, kwa sababu wengi hulikosea. Wapo wanaosema kuna Haynes wawili: kijana mpinga utumwa, na mzee mhubiri wa dhambi na neema aliyelisahau jambo la watu wake. Sioni hivyo. Haynes alikuwa wa kundi la wanafunzi wa Jonathan Edwards, mchungaji wa Northampton aliyefariki 1758. Edwards mwenyewe alimiliki watumwa. Lakini waliomfuata waliyachukua mafundisho yake kwamba utakatifu ni upendo usiojitafutia faida, wakauliza: mtu anayeishi kwa jasho la mtumwa atasimamaje mbele ya Mungu mwenye kudai upendo wa namna hiyo? Samuel Hopkins wa Newport alichapisha hoja dhidi ya utumwa mwaka 1776, na mwana wa Edwards, aliyeitwa Jonathan kama babaye, akahubiri dhidi ya biashara hiyo mwaka 1791. Kwa Haynes, Mungu anayehukumu dhambi na Mungu anayechukia utumwa ni mmoja. Katika hotuba yake ya tarehe 4 Julai 1801, akiwa tayari mchungaji wa Rutland, aliuliza mbele ya wasikilizaji wazungu ni kitu gani kilichowashusha Waafrika waliomo nchini hadi hali ile ya kusikitisha. Je, Mungu aliwaumba tofauti? La, akajibu, ni mikono ya wakatili iliyowatia utumwani na kuwazoesha kujiona kuwa viumbe wa chini. Mtu aliyesahau hasemi hivyo siku ya sherehe ya uhuru.

Turudi kwenye njia yake ya uchungaji. Alipewa nafasi ya kwenda chuo cha Dartmouth, akasita. Badala yake, mwaka 1779 alikwenda Canaan, Connecticut, akajifunza Kilatini kwa Mchungaji Daniel Farrand, kisha Wintonbury kwa Mchungaji William Bradford, akifundisha shule ili apate riziki huku akisoma Kigiriki kusudi alisome Agano Jipya katika lugha yake. Tarehe 29 Novemba 1780 wachungaji walimpima wakampa ruhusa ya kuhubiri. Na kanisa la kwanza kumwita lilikuwa la Middle Granville, la watu waliomwona akichunga ng'ombe wa shemasi. Alihubiri pale miaka 5.

Ndipo anapoingia Elizabeth Babbitt, mwalimu wa shule, mzungu, mshirika wa kanisa hilo. Aliyeanza kutamka neno la ndoa ni yeye. Nadhani alielewa kwamba Lemuel, kwa hali yake, asingethubutu kumposa. Lemuel hakujibu haraka. Aliomba, akawaendea wachungaji wenzake kadhaa kutaka ushauri, nao wakaiunga mkono ndoa hiyo. Walioana tarehe 22 Septemba 1783 Hartland, mji wa Connecticut unaopakana na Granville. Kumbuka kwamba Massachusetts ilikuwa na sheria tangu 1705 ya kuzuia ndoa kati ya weupe na weusi, na sheria ya namna hiyo haikufutwa huko hadi 1843. Connecticut haikuwa nayo. Siamini kwamba kuvuka mpaka ule kulikuwa bahati tu.

Elizabeth hupewa mistari michache katika vitabu, na hilo linanisumbua. Mke wa mchungaji katika mji mdogo alikuwa nusu ya kazi yenyewe. Nyumba ya mchungaji ilikuwa nyumba ya wageni wa njiani, wachungaji wanaosafiri, wafiwa, na mabinti wenye shida wasiyoweza kuisema kwingine. Mama wa nyumba hiyo alisokota uzi, alisindika maziwa, alipika jibini, aliweka akiba ya nyama ya chumvi kwa miezi ya baridi, na alifundisha watoto wake kusoma. Elizabeth aliyafanya hayo akiwa mzungu aliyeolewa na mweusi, akilea watoto ambao kila mgeni aliwatazama mara mbili. Waliishi pamoja miaka 50.

Haynes aliwekewa mikono tarehe 9 Novemba 1785 na baraza la wachungaji wa Litchfield, Connecticut, akahudumu Torrington kwa muda mfupi. Mtu mmoja wa huko alichukizwa kwamba kanisa limemleta mhubiri mweusi. Akaja ibadani akakaa na kofia kichwani, makusudi, ili amwonyeshe dharau. Haynes hakuwa amefika mbali katika mahubiri, yule mtu akasimulia baadaye, nikaona aliyesimama mimbarini ni mzungu mweupe kuliko wote niliopata kuwaona. Akaitupa kofia chini ya kiti. Kisa hiki husimuliwa kama ushindi, na kweli yule mtu aligeuka akawa Mkristo wa dhati. Lakini sikiliza sifa yenyewe: ili amheshimu mhubiri, ilimbidi kwanza amfanye mweupe akilini mwake. Heshima ya namna hiyo haina mizizi mirefu. Wapo wengine Torrington ambao kofia zao hazikutoka kichwani, na Haynes hakupata makao ya kudumu pale.

Makao yalipatikana kaskazini zaidi. Tarehe 28 Machi 1788 aliwekwa kuwa mchungaji wa parokia ya magharibi ya Rutland, Vermont. Vermont ilikuwa nchi ya walowezi wapya, misitu ikifyekwa, na ilikuwa haijaingia hata katika muungano wa Marekani. Iliingia 1791. Katiba yake ya 1777 ilikuwa imekataza kumweka mtu mzima utumwani. Wahubiri waliosoma hawakupenda kwenda huko, mshahara mdogo na baridi kali. Parokia iliyopata mtu mwenye Kigiriki, Kilatini na kinywa kama cha Haynes ilijua imepata nini. Hili nalo ni sehemu ya jibu la swali lako la kwanza: uhitaji uliyafungua macho ambayo kwingine yalibaki yamefumba.

Sasa maisha ya kila siku. Mchungaji wa New England aliishi kwa mapatano yaliyopitishwa mkutanoni. Kwa desturi, mji au parokia ilipiga kura juu ya mambo matatu: kianzio cha kumkalisha, mara nyingi kipande cha ardhi, mshahara wa mwaka, na kuni. Usizidharau kuni. Katika nyumba yenye moto unaowaka miezi 6 ya mwaka, kuni zisipoletwa familia inaganda. Kumbukumbu za wachungaji wa enzi hizo zimejaa malalamiko ya mzigo wa kuni uliochelewa. Mshahara wenyewe haukuja kwa fedha taslimu kila mara. Ulikuja kama ngano, mahindi, nyama ya nguruwe, siku ya kazi ya jirani aliyeshindwa kulipa. Ndiyo maana karibu kila mchungaji wa kijijini alikuwa mkulima, na yule aliyelelewa shambani kama Haynes alikuwa na nafuu kuliko mtoto wa mjini aliyetoka chuoni na mikono laini.

Jumapili ilikuwa na mahubiri mawili, asubuhi na alasiri, na katikati watu wa mbali walikula walichofungasha. Majengo mengi ya ibada hayakuwa na jiko. Majira ya baridi wanawake walikuja na vijisanduku vya makaa ya moto vya kuwekea miguu, na mhubiri aliona pumzi yake mwenyewe. Katikati ya wiki kulikuwa na mahubiri mengine, mafundisho ya watoto, mazishi, na kesi za nidhamu: mlevi, waliogombana juu ya mpaka wa shamba, waliozaa kabla ya ndoa. Haynes alipoaga Rutland alitaja hesabu yake: alikuwa amehubiri mara 5,500 hivi, na zaidi ya 400 kati ya hizo zilikuwa za mazishi. Gawanya kwa miaka 30 utapata mahubiri matatu na zaidi kila wiki, bila likizo. Na si Rutland peke yake. Alitumwa pia kama mmisionari kwenye vijiji vya Vermont visivyo na mchungaji, na mwaka 1804 chuo cha Middlebury kikampa shahada ya heshima ya uzamili, ya kwanza kutolewa kwa mtu mweusi nchini humo.

Jina lake lilivuka mipaka mwaka 1805. Hosea Ballou, mhubiri maarufu wa fundisho kwamba mwishowe watu wote wataokolewa na hakuna adhabu ya milele, alikuja kuhubiri West Rutland. Haynes alihudhuria, na alipoombwa aseme neno alisimama bila maandishi, akachukua Mwanzo 3:4, maneno ya nyoka: "Hakika hamtakufa." Akaeleza kwamba yuko mhubiri mmoja mkongwe, mwenye bidii, msafiri, ambaye amekuwa akihubiri fundisho hili hili tangu bustani ya Edeni. Mahubiri hayo yalichapishwa mara zaidi ya 70. Unaweza kutokubaliana na teolojia yake, na Ballou alimjibu kwa maandishi, lakini soma jinsi alivyoyapanga: mafupi, makali, kila kichwa kikimrudia yule mhubiri wa kale bila kumtaja mgeni aliyeketi mbele yake.

Swali lako la tatu ndilo gumu. Haynes aliachiwa mwaka 1818, akiwa na miaka 64, baada ya miaka 30 kanisani hapo.

Siasa ilikuwa na sehemu kubwa. Haynes alikuwa mfuasi wa Washington na chama cha Shirikisho, na hakuificha mimbarini. Wengi Vermont walihamia upande wa Jefferson, kiongozi wa chama kilichopingana nacho. Vita ya 1812 dhidi ya Uingereza ilipokuja, aliipinga waziwazi, wakati majirani wana vijana jeshini. Jambo la pili halisemwi sana: mwaka 1807 Vermont iliifuta sheria iliyoruhusu miji kutoza kodi ya kumlipa mchungaji. Tangu hapo aliyemchukia mchungaji hakulazimika kumchangia, na mtu mwenye kinyongo aliweza kukaa nyumbani na fedha zake. Makanisa mengi ya New England yaliwaachia wachungaji wao wa zamani katika miaka hiyo, wazungu watupu. Kwa hiyo si haki kusema aliondolewa kwa rangi pekee.

Wala si haki kusema rangi haikuwamo. Kizazi kilichomwita mwaka 1788 kilikuwa kimetoka vitani kikiwa na maneno ya uhuru mdomoni. Waliokuja baada yao walikulia katika nchi ambayo watu weusi walizidi kubanwa, hata kaskazini. Inasimuliwa kwamba Haynes mwenyewe alisema watu wa Rutland waliishi naye miaka 30, na kwa werevu wao wakaja kugundua mwishoni kwamba ni mweusi, wakamwondoa. Watu hulichukua neno hilo kama mzaha, maana alikuwa maarufu kwa ulimi mwepesi. Mimi nalisikia kama ushahidi wa mtu aliyekuwapo. Ugomvi wa siasa ungeweza kumkuta mchungaji yeyote, lakini mchungaji mweusi ukimkuta, kuna jambo lingine karibu ambalo adui wake anaweza kuliokota wakati wowote.

Hakuacha kazi. Mwaka huohuo alikwenda Manchester, Vermont, na huko akakutana na kesi iliyotikisa jimbo zima. Ndugu wawili, Stephen na Jesse Boorn, walihukumiwa mwaka 1819 kwa kumuua shemeji yao Russell Colvin, aliyetoweka 1812. Mambo yalianza na ndoto ya ami yao, kisha mifupa iliyookotwa, kisha maungamo waliyoyatoa kwa kushinikizwa. Stephen alipangiwa kunyongwa Januari 1820. Haynes aliwatembelea gerezani, akakaa nao, akawaamini kwamba hawana hatia wakati mji mzima umeshawahukumu. Mnamo Desemba 1819 Colvin aliletwa Manchester kutoka New Jersey, akiwa hai. Haynes aliandika habari yote ikachapishwa 1820, na mahubiri yake juu ya mfungwa aliyefunguliwa ndiyo naona yanamwonyesha vizuri kuliko yale ya kumjibu Ballou. Huyu ni mzee aliyefukuzwa kwake juzi tu, na bado ana nguvu ya kuketi sakafuni na watu waliokataliwa na wote.

Mwaka 1822 alihamia Granville ya jimbo la New York, ambako alihubiri hadi karibu na kifo chake, tarehe 28 Septemba 1833, akiwa na miaka 80. Elizabeth alifariki 1836. Nyumba yao huko South Granville ipo hadi leo, na tangu 1975 imeandikishwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Maneno ya kaburini aliyaandika mwenyewe: kwamba hapo amelala mwenye dhambi aliyestahili jehanamu, aliyeingia katika umilele akitegemea stahili za Kristo tu, naye anawaalika watoto wake na wote wasomao waweke tumaini lao kwenye msingi huohuo.

Kama utamfundisha Haynes darasani kwako, usianze na mahubiri ya 1805 ingawa ndiyo yanayopatikana kwa urahisi. Anza na insha ya 1776. Vijana wakishaona kijana wa miaka 23, ametoka utumishini juzi, akiwauliza waasisi wa Marekani kwa nini Tangazo lao linaishia kwenye ngozi nyeupe, watamsikiliza atakapowaambia habari za dhambi na neema. Kisha wape kisa cha Boorn wakijadili. Wakiuliza habari za Elizabeth, na mabinti watauliza, waambie yote uliyoyapata humu, pamoja na kwamba ndiye aliyetamka kwanza.